Seti za Kuunda Amplifaya ya Hedifoni: Ipi Inunuliwe Kwanza na Anayeanza

Anayetaka kujiundia amplifaya ya hedifoni kwa mara ya kwanza huuliza ni seti gani yenye sauti nzuri kuliko zote. Mimi nimezipanga kwa kigezo kingine, yaani chanzo chake cha umeme, kwa sababu kosa linalofanyika kwenye betri ya volti 9 humgharimu mwanagenzi aisii moja (kipande kidogo cha sakiti chenye miguu mingi, IC), ilhali kosa hilohilo kwenye umeme wa ukutani linaweza kumgharimu maisha.

Nafasi ya kwanza naipa CMoy, iliyosanifiwa na Chu Moy. Ina aisii moja, mara nyingi OPA2134, pamoja na rezista (za kuzuia mkondo) na kapasita (za kuhifadhi umeme) chache, kitasa cha sauti na betri ya volti 9. Rezista mbili huigawa betri hiyo katikati, ukapata volti 4.5 juu na volti 4.5 chini, na pale katikati ndipo penye ardhi ya sauti, yaani nukta inayohesabiwa kuwa volti sifuri. Kwa kuwa ardhi hiyo si upande hasi wa betri, anayeilisha CMoy kwa chanzo kilekile cha umeme kinacholisha kifaa cha muziki anaweza kusababisha shoti. Ndiyo maana nashauri ibaki kwenye betri yake. Ukiiweka ndani ya kopo la bati, tandika plastiki ngumu chini ya bodi ili ncha zilizolehemiwa zisiguse bati. Udhaifu wake ni kwamba hedifoni zinazodai mkondo mwingi huielemea.

Chagua seti iliyo na soketi ya aisii. Nilipounda ya kwanza niliipachika aisii kinyume, kipengo chake kikitazama upande usio wake, na baada ya muda mfupi ikawa moto kiasi cha kunibabua kidole. Soketi iliniwezesha kuing'oa na kupachika nyingine bila kuiharibu bodi.

Ya pili ni Objective2, maarufu kama O2, ambayo mbunifu wake aliyejiita NwAvGuy aliitoa mwaka 2011. Ina nguvu zaidi, na ina sakiti inayokata betri zote mbili kwa pamoja zinapoisha, ili umeme mnyoofu (DC) usifike kwenye hedifoni. Viungo vyake vya kulehemu ni vingi, hivyo inamfaa aliyekwisha kumaliza CMoy. Mambo mawili huwakosesha wanunuzi: adapta yake sharti itoe mkondo geu (AC), si mnyoofu kama adapta nyingi za nyumbani, na betri zake ziwe za kuchajiwa, kwa sababu adapta inapochomekwa sakiti huzichaji, na betri za kawaida hazistahimili hilo.

Seti zinazochanganya valvu (vipuri vya kioo vya kukuza sauti) na transista, zikilishwa na adapta ya nje ya volti 24 hadi 48, nazipa nafasi ya tatu. Valvu zake huwa moto, basi usiziguse.

Nafasi ya mwisho ni ya seti za valvu zenye transfoma ndani, kama Crack ya Bottlehead. Sauti yake husifiwa sana kwa hedifoni zenye ukinzani wa omu 300, na sifa hiyo ni ya haki, lakini ndani yake mna zaidi ya volti 100, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Hiyo si seti ya kujifunzia kulehemu.

Pamoja na seti, nunua pasi ya kulehemu inayodhibiti joto, ambayo utaiweka karibu nyuzi 350 za Selsiasi, miwani ya kukinga macho unapokata miguu ya vipuri, na maltimita, kifaa cha kupimia umeme. Fungua dirisha kwa ajili ya moshi, na unawe mikono kabla ya kula iwapo waya wako wa kulehemu una madini ya risasi.

Maltimita ndiyo itakayoziokoa hedifoni zako. Kabla ya kuchomeka chochote kwenye tundu la kutolea sauti, washa amplifaya, gusisha ncha nyeusi kwenye ardhi ya tundu hilo na nyekundu kwenye upande wa kushoto, kisha wa kulia, ukipima umeme mnyoofu. Ukisoma milivolti chache, chini ya 20, endelea. Ukisoma volti nzima, zima mara moja, kagua mwelekeo wa aisii na wa kapasita zenye upande chanya na hasi, kisha pima tena. Hata vipimo vikikubali, anza na hedifoni ambazo hutazililia zikiungua.