Kuchagua Hedifoni za Daraja la Juu na Amplifaya Inayozifaa

Anayetaka kununua hedifoni za bei kubwa huuziwa vitu vitatu kana kwamba vina uzito mmoja: hedifoni zenyewe, amplifaya ya kuziendesha na kebo ya kuviunganisha. Havina uzito mmoja. Sauti utakayoisikia huamuliwa kwa sehemu kubwa sana na hedifoni. Amplifaya ina kazi ya kuzipa hedifoni hizo umeme wa kutosha bila kuongeza wala kupunguza kitu, na kebo iliyo nzima na yenye urefu unaofaa imekwisha kutimiza wajibu wake. Ndiyo maana nimezipanga hedifoni kwanza, na kila moja nimeitaja pamoja na aina ya amplifaya inayoitosheleza, kwa kuwa hedifoni nzuri iliyonyimwa volti zake husingiziwa kasoro zisizo zake.

Tarakimu mbili za kusoma kabla ya bei

Katika karatasi ya vipimo tafuta kwanza ukinzani, unaopimwa kwa omu, kisha wepesi wa kuitika, yaani hedifoni hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi inapopewa miliwati 1 au volti 1. Wanunuzi wengi hutazama ukinzani peke yake, wakaamini kwamba omu nyingi maana yake ni ugumu na omu chache ni urahisi. Imani hiyo imewagharimu wengi, na inafaa tuichambue kwa hesabu.

Muziki uliorekodiwa vizuri hauendi kwa sauti ya kiwango kimoja. Fikiria okestra ya taarabu, ganuni ikiwa inapigwa peke yake kwa utulivu, halafu fidla zote zikaingia kwa pamoja: vilele vya sauti vinaweza kupita wastani kwa desibeli 20 au zaidi. Mtu anayesikiliza kwa wastani wa desibeli 75 hadi 80 anahitaji mfumo unaofika desibeli 100 bila kukwaruza, nami huongeza akiba na kupiga hesabu zangu kwa desibeli 110. Akiba hiyo ni ya vilele vya kupita tu. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima, na hakuna amplifaya inayoweza kukurudishia usikivu uliopotea.

Sasa linganisha hedifoni mbili. Beyerdynamic DT 880, toleo la omu 600, hutoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Ili ifike 110 inahitaji miliwati 25 tu, lakini kwa sababu ya ukinzani wake mkubwa, miliwati hizo hupatikana kwa volti karibu 4. Hifiman Susvara ina omu 60, ambazo kwa macho ni chache, lakini wepesi wake ni desibeli 83 kwa miliwati 1, kwa hiyo inadai miliwati 500, volti 5.5 na mkondo wa miliampea 90 hivi. Ile yenye omu chache ndiyo ngumu, tena kwa mbali sana. Hesabu ya namna hii huchukua dakika mbili, na ingekuwa vyema kila muuzaji angemfanyia mteja wake kabla ya kupokea fedha.

Tarakimu ya tatu ni ya amplifaya: ukinzani wa tokeo lake, yaani wa upande unaotoa umeme kwenda kwenye hedifoni. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Ukizidi, amplifaya huanza kubadilisha uwiano wa sauti, kwa kuwa ukinzani wa hedifoni nyingi hupanda na kushuka kulingana na sauti inayopigwa, nzito au nyembamba. Amplifaya nyingi za kisasa za meza zina chini ya omu 1, kwa hiyo tatizo hilo halizihusu. Za vali, yaani zinazokuza sauti kwa mirija ya kioo ya kizamani, ni habari nyingine, nitaifikia.

Nafasi ya kwanza: Sennheiser HD 600, au ndugu yake HD 650

HD 600 ilitoka mwaka 1997 na HD 650 mwaka 2003, na mpaka leo kwa wasikilizaji walio wengi sijaona sababu ya kuanza kwingine. Sauti ya mwimbaji husikika ilivyo, yenye pumzi na mwili, bila ule ukali unaochosha masikio baada ya nusu saa. Gita la solo na gita la rithimu katika muziki wa dansi, ambayo katika hedifoni nyingi hugandamana sebene linapokolea, hapa hubaki mawili, na unaweza kulifuata lolote kati yake tangu mwanzo hadi mwisho. Besi ya chini kabisa hupungua, hilo nalikiri, na anayependa ngoma nzito za kisasa atalihisi pengo. Uzito wake ni gramu 260 hivi. Mito ya masikio, kebo na hata viwambo vyenyewe, vile vinavyotetemeka na kutoa sauti, hubadilishwa kwa mkono, na kwa mtu wa pwani, ambako jasho na unyevu hula mito upesi, sifa hiyo ni ya kuhesabiwa kama sifa ya sauti. Mwaka 2016 duka la Massdrop la Marekani lilitoa toleo la HD 650 liitwalo HD 6XX kwa dola 199, nalo linabaki kuwa njia ya bei nafuu ya kuipata sauti hii.

Ukinzani wake ni omu 300, na HD 600 hutoa desibeli 97 kwa volti 1. Ili ifike 110 inahitaji volti 4.5 hivi. Adapta ndogo ya USB-C ya Apple, iliyouzwa kwa dola 9 huko Marekani, hutoa takriban volti 1, kwa hiyo inaishia 97: kwa asikilizaye kwa sauti ya chini usiku inatosha, na asione haya kuanza nayo. (Toleo la adapta hiyo linalouzwa Ulaya hutoa nusu ya volti hizo, basi uliza linatoka wapi.) Anayetaka akiba kamili anunue amplifaya ya kawaida ya meza kama JDS Labs Atom, Schiit Magni au Topping L30. Hizi ziliuzwa kwa bei inayozunguka dola 100, na kila moja ina volti za kuzitosheleza hedifoni hizi na kubakiza. Kulipa mara kumi ya hapo kwa amplifaya ya kuendeshea HD 600 ni kulipia kasha.

Isipokuwa kwa jambo moja, na hapa ndipo amplifaya za vali zinapoingia. Bottlehead Crack, ambayo mnunuzi huiunganisha mwenyewe kwa kulehemu, haina transfoma ya tokeo na ukinzani wa tokeo lake ni takriban omu 120. HD 600 ina omu 300 kwa jumla, lakini karibu na eneo la besi ukinzani wake hupanda hadi kupita 500. Kwa hiyo sehemu hiyo hupata volti nyingi zaidi, na besi huinuka kwa desibeli 1 hivi. Ule ujoto ambao watu huusifu katika vali una sehemu yake katika hesabu hii. Ni badiliko la kweli na kwa hedifoni hii linapendeza. Lakini amplifaya hiyo hiyo ukiifunga kwenye hedifoni ya omu 20, volti sita kati ya kila saba hupotelea ndani ya amplifaya, nawe utabaki na sauti hafifu uliyoigharimia.

Nafasi ya pili: Hifiman Sundara

Sundara, ya mwaka 2018, ndiyo njia ya gharama ndogo ya kuufahamu utamu wa kiwambo bapa, ambacho nyaya zake zimetandazwa juu ya utando mwembamba ulio kati ya sumaku. Besi yake hushuka chini bila kulegea, na mpigo wa tumba huanza na kukatika pale pale. Kwa wepesi wa desibeli 94 na omu 37 inahitaji miliwati 40, yaani volti 1.2 na mkondo wa zaidi ya miliampea 30. Amplifaya zile zile nilizotaja zinatosha. Faida nyingine ya kiwambo bapa ni kwamba ukinzani wake haupandi wala kushuka, hivyo tokeo la amplifaya haliharibu uwiano wa sauti. Nimeiweka ya pili kwa sababu sauti ya mwimbaji haina ule ukaribu wa HD 600. Asikilizaye ala zaidi ya maneno ana haki ya kuigeuza orodha yangu.

Nafasi ya tatu: Sennheiser HD 800 S

Hii ya mwaka 2016 ina viwambo vya milimita 56 vilivyowekwa mbali na sikio kwa mshazari, na ndiyo hedifoni inayokaribia zaidi kukufanya usahau kwamba umevaa kitu kichwani: wapigaji husikika wakiwa mbele na pembeni, kila mmoja na kiti chake. Kwa okestra kubwa sijui mbadala wake. Rekodi mbaya, hata hivyo, huanikwa hadharani, na kanda za zamani za redio zilizohamishiwa kwenye dijitali huuma masikio. Ina omu 300 na desibeli 102 kwa volti 1, kwa hiyo volti 2.5 zinaitosheleza. Kuna watakaokuambia kwamba inadai amplifaya ya maelfu ya dola. Waulize ni volti ngapi, kisha usikilize jibu.

Nafasi ya nne: Audeze LCD-X na Focal Utopia

Nimezitaja pamoja kwa sababu zinafundisha somo moja. Utopia ya Ufaransa, yenye kiwambo cha beriliamu, iliingia sokoni mwaka 2016 kwa karibu dola 4,000, na LCD-X ya Marekani nayo imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Kwa bei hizo mtu angetarajia kudaiwa amplifaya kubwa. Kumbe LCD-X, yenye omu 20 na desibeli 103 kwa miliwati 1, hufika 110 kwa miliwati 5, ambazo ni theluthi moja tu ya volti. Utopia, yenye omu 80 na desibeli 104, inahitaji miliwati 4. Shida ya zote mbili si nguvu bali ni utulivu: kwa kuwa zinaitika upesi, amplifaya yenye mvumo wa chini chini itasikika kila wimbo unaponyamaza. Chagua yenye kelele ndogo na tokeo la chini ya omu 1, basi. LCD-X ina uzito wa gramu 612, na hilo naliona kubwa kuliko suala lolote la umeme. Usiinunue kabla ya kuivaa saa nzima.

Za mwisho: Susvara na Stax

Susvara, iliyotoka kwa bei ya dola 6,000, ni nzuri sana, na ndiyo pekee katika orodha hii ambayo kwayo bajeti ya amplifaya ni lazima iwe kubwa. Wengine huifunga kwenye amplifaya ya spika. Stax ya Japani, iliyotoa hedifoni yake ya kwanza ya umemetuli (kiwambo husukumwa na chaji ya umeme) mwaka 1960, haiwezi kufungwa kwenye amplifaya ya kawaida kabisa, kwa kuwa kiwambo chake huchajiwa kwa volti 580 na plagi yake ina pini tano. Hapo hununui hedifoni. Unanunua mfumo mzima, na fundi wake akiwa mbali ni msiba.

Hedifoni zote nilizozipanga ni za mgongo wazi, yaani sauti hutoka nje na kelele za nje huingia. Mwenye chumba cha pamoja, au nyumba iliyo kando ya barabara ya daladala, achukue zilizofungwa kama Beyerdynamic DT 770 Pro na asijute.

Kebo

Waya wa shaba wa AWG 24 (kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya) una ukinzani wa omu 0.084 kwa mita. Kebo ya mita 2, kwenda na kurudi, ni omu 0.34. Kwa HD 600 upotevu huo ni sehemu ya mia ya desibeli. Kwa LCD-X, ambayo ndiyo hali mbaya zaidi hapa, ni desibeli 0.15. Fedha hupitisha umeme kuliko shaba kwa takriban asilimia 6, hivyo kubadilisha shaba kwa fedha huleta tofauti isiyofika desibeli 0.01. Hakuna sikio la mwanadamu linalofika hapo, na inanisikitisha kuona kijana aliyejinyima miezi mingi akiambiwa kwamba kasoro ya mfumo wake ni kebo.

Zipo sababu halali za kubadilisha kebo: iliyopo ni fupi, ni nzito, imeanza kukatika shingoni mwa plagi, au husugua nguo na kupeleka kelele sikioni. Sababu nyingine ni tokeo la njia nne, ambalo kila sikio lina nyaya zake mbili, kwa plagi ya XLR ya pini nne au ya milimita 4.4. Katika amplifaya iliyojengwa kwa ajili hiyo, tokeo hili huweza kutoa volti maradufu, faida ambayo Susvara huihitaji na Utopia haina haja nayo. Hakikisha tu umeijua plagi ya upande wa hedifoni, maana Audeze hutumia XLR ndogo, HD 600 ina pini mbili za aina yake, na Utopia ya 2016 ina ya kujifunga. Kebo ya moja haiingii kwenye nyingine.

Umeme wa nyumbani

Amplifaya yangu ya kwanza iliyoagizwa kutoka Marekani ilitoa moshi dakika ile ile nilipoichomeka, kwa sababu ilikuja na adapta ya volti 120 na muuzaji hakuuliza ninaishi wapi. Tanzania umeme wa majumbani ni volti 230 na Kenya ni 240. Soma maandishi madogo kwenye adapta: ikiandikwa 100–240 V haina shida, ikiandikwa 120 V peke yake, agiza ya volti 230 kutoka kwa mtengenezaji. Usiibadilishe kwa chaja yoyote iliyo karibu, kwa kuwa baadhi ya amplifaya hizi, Magni ikiwamo, zimetengenezwa kupokea umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo) kutoka kwenye adapta, na chaja ya simu hutoa DC (unaokwenda upande mmoja).