Risasi bandia za bunduki ya mitutu miwili: uzoefu wangu

Nilinunua jozi moja ya risasi bandia za geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), alumini ya rangi nyekundu, kwenye duka la silaha lenye leseni hapa Nairobi. Shilingi elfu nne na ushee. Kwa vipande viwili vya chuma visivyolipuka niliona bei imechangamka kidogo, lakini sasa zimekaa nami misimu kadhaa ya mvua na nina la kusema.

Bunduki yenyewe ni ya marehemu baba, ilitengenezwa Birmingham, mitutu imelala ubavu kwa ubavu. Siwindi, uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Mimi hulenga sahani za udongo wikendi, kisha silaha inarudi kwenye sefu na inaweza kukaa humo wiki nyingi bila kuguswa.

Shida iko kwenye huko kukaa. Bunduki hii ni ya mfumo uliobuniwa na mafundi Waingereza Anson na Deeley mwaka 1875, nyundo zake zimefichwa ndani. Ukiikunja mitutu, nyenzo mbili zinazosukumwa na ile mbao ya mbele zinainua nyundo na kukaza springi. Maana yake kila unapoifungua kuhakikisha haina kitu, umeshaikoki. Ukiifunga tu ukaiweka, inalala imekokiwa mpaka siku utakapoitoa. Na kuvuta triga mitutu ikiwa mitupu si dawa, kwa sababu pini, kile kijiti kinachogonga risasi, inakimbia bila kitu cha kuipokea, na pini ya bunduki kuukuu ikikatika utasubiri sana kupata nyingine.

Hapo ndipo risasi bandia zinapoingia. Kwenye kitako chake, mahali pa fataki inayowasha baruti kwenye risasi hai, kuna kisahani cha shaba kilichoegemea springi ndogo, na hicho ndicho kinachopokea pini. Mimi hutoa kila kitu, nachungulia mitutu yote miwili kuelekea dirishani, natia bandia, nafunga, naelekeza mdomo kwenye ukuta wa mawe wa stoo ambao upande wa pili hakuna mtu. Nasukuma sefti, kile kitufe cha usalama, mbele, navuta triga ya mbele, mtutu wa kulia. Kisha ya nyuma, wa kushoto. Sauti inayotoka ni “tap” nzito, si ule mlio mkavu unaokufanya ukunje uso.

Je, springi zinapona kweli? Nilimuuliza mzee mmoja fundi wa bunduki, naye hakunipamba: “Kijana wangu, springi nzuri haiuawi na kukaa imebanwa. Inauawa na kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa.” Kwa springi za kujizungusha, zilizo kwenye bunduki nyingi za kisasa, anasema wala asingepoteza usingizi. Ila yangu ina zile bapa zilizokunjwa kama herufi V, na moja ikivunjika hununui nyingine dukani, inachongwa kwa tupa. Kwa hizo yeye huzilegeza, na mimi namfuata. Kwa hiyo atakayekuambia springi yako itakufa kwa mwezi mmoja anakuuzia woga.

Faida niliyoiona kubwa zaidi ni nyingine kabisa. Huwezi kuzitia hizi bila kwanza kutoa kilichomo, na ile rangi nyekundu haifanani na risasi zangu hata kwenye mwanga hafifu. Wapo wenzangu wanaotumia maganda yaliyokwisha kulipuliwa ili kuokoa pesa. Fataki ya ganda hilo imeshabonyea, haipokei pini ipasavyo, na ganda tupu na risasi hai vinafanana mno kwa nje. Silipendi hata kidogo.

Sasa kero. Bunduki yangu inarusha maganda yenyewe. Ukishavuta triga halafu siku nyingine ukaikunja, bandia zinatoka kwa nguvu na kuruka hadi sebuleni. Weka kiganja nyuma ya mitutu kabla hujafungua. Rangi imeshaanza kuchunika kwenye ukingo pale zinapong’atwa.

Jambo jingine ambalo pakiti haisemi: ukishazilegeza springi, bunduki lazima ihifadhiwe nzima. Ukiifungua tena ili uitenganishe, umeikoki upya. Kwa mitutu ya inchi 28 unahitaji sefu inayopokea urefu wa sentimita 115 hivi, na nyingi zinazouzwa mjini ni za bastola na hatimiliki. Mafundi wa chuma wa Kamukunji hapa Nairobi wangenigongea kabati zuri, lakini kwa upande wa kufuli nilitaka la kiwandani, nikalifunga ukutani kwa bolti. Risasi zina sanduku lao na ufunguo wao. Mke wangu hana cheti cha silaha, basi hana ufunguo, na hajawahi kuuomba.

Usiiweke ndani ya sefu ikiwa na mfuko wake. Sponji inanyonya unyevu, na kati ya Machi na Mei Nairobi ina unyevu wa kutosha. Kutu itaanzia pale mfuko unapogusa chuma. Mimi huifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, naisimamisha mdomo chini ili mafuta yasiteremke kwenye mbao ya kitako, na naweka pakiti za silika ambazo hubadilisha zikishalowa.

Rafiki yangu mwenye bunduki ya mitutu iliyopangwa juu na chini, yenye triga moja, aliazima zangu akarudi analalamika kwamba nyundo ya pili haishuki. Triga ya namna hiyo husubiri teke la mlipuko ndipo ihamie mtutu wa pili, na risasi bandia haina teke. Dawa ni kuhamisha kile kitufe cha kuchagua mtutu, kisha kuvuta tena. Alifanya hivyo, ikakubali.

Nyota nne kati ya tano. Zikichakaa nitatafuta za shaba nzito, maana rangi hii haitamaliza mwaka mwingine, ila nitazipiga doa jekundu mwenyewe.