Boti ya mto Chicago: anzia hapa kabla ya kuzunguka jiji

Naandika kama mtu wa boti. Kazi yangu ni kupeleka wageni Marine Park hapa Malindi, kwa hiyo mtu akinipakia kwenye chombo chake macho yangu yanaenda kwa nahodha na kamba kwanza kabla ya mandhari, na hii ziara ya mtoni Chicago inayoongozwa na watu wa Chicago Architecture Center naipa nyota tano zote. Nlikuwa nimeenda kwa dada yangu anaishi kule, kanizungusha karibu kila pembe, lakini lile jiji nlianza kulielewa siku nlopanda boti. Kabla ya hapo nlikuwa naona maghorofa tu, refu, jengine refu zaidi, shingo inauma bas.

Bei kwanza manake najua ndo mtakachouliza. Tiketi ni zaidi ya dola 50 kwa mtu mmoja, yaani elfu sita na ushee za kwetu, kwa saa moja na nusu. Si hela kidogo. Lakini kupanda juu ya Willis Tower, lile ghorofa lao refu, nako unalipia, na kule unapiga foleni, unatazama chini, unapiga picha, unashuka, hakuna alokueleza kitu. Mie mtu akiwa na pesa ya kimoja tu namwambia mtoni.

Chombo chenyewe kina sakafu mbili, ya juu iko wazi, viti vimepangwa, kila kitu kimefutwa kinang'aa. Nahodha nlimpenda sana. Mto ni mwembamba, kayaki zimejaa za watu wanaojifunza, boti za teksi zinapita mbio, na pale mikono mitatu ya mto inapokutana aligeuza chombo kizima taratibu, injini haikupiga kelele na hakuna alieyumba kitini. Anaejua kazi hii anajua hapo pana mkono wa mtu.

Sasa muongozaji. Mama wa makamo, amesimama omo anatutazama siye, na hawa wa kwao ni watu wa kujitolea wanaosomeshwa kabla ya kupewa maikrofoni. Hakushika karatasi. Alianzia pale pale gatini, chini ya daraja la DuSable, akatuambia jina hilo ni la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi, ambae miaka ya 1780 alikuwa na nyumba na biashara yake kwenye mdomo wa mto huo na mke wake Mpotawatomi, kabila la wenyeji wa asili wa kule, na ndo anahesabiwa mwanzilishi wa Chicago. Nlikuwa siyajui hayo kabisa. Alafu akaingia kwenye moto wa Oktoba 1871, watu karibu 300 wakafa na kama laki moja wakabaki bila makao, na mji wenyewe wakati ule una watu laki tatu tu. Wajenzi wakamiminika, ardhi ya katikati ghali, lifti zimeshaingia, chuma kipo, na 1885 likasimama jengo la Home Insurance la ghorofa 10 ambalo sehemu kubwa ya uzito wake imebebwa na fremu ya chuma badala ya kuta. Lilibomolewa 1931 lakini maghorofa unayoyaona leo Nairobi na Mombasa yamefuata njia hiyo hiyo.

Tulivokata upande wa kusini Willis Tower ikajitokeza, ghorofa 110, mita 442, jengo refu kuliko yote duniani tangu miaka ya 70 mpaka 1998, na aliepiga hesabu zake ni muhandisi Muislamu alozaliwa Dhaka, Fazlur Rahman Khan. Yaani ni minara tisa ya mraba imefungwa pamoja, mmoja unamshika mwenziwe upepo ukivuma, na ingine inaishia njiani huku miwili tu ikifika juu kabisa. Mashallah. Miaka yote naliona hilo jengo kwenye picha na hakuna alowahi kunitajia jina lake huyo bwana.

Kuna ile minara miwili ya Marina City wenyeji wanaiita magunzi ya mahindi, ghorofa 19 za chini ni za kuegesha magari tu, unayaona yamepanga matako nje kabisa na chini yake pana bandari ya boti ndogo. Na kuna ghorofa la St. Regis lilochorwa na msanifu majengo Jeanne Gang, ghorofa ya 83 wameiacha tupu haina vioo ili upepo upite katikati jengo lisiyumbe sana, kwa mtu alozoea kupunguza tanga upepo ukizidi hiyo haihitaji kuelezwa mara mbili.

Lakini kilichonikaa zaidi ni mto wenyewe. Zamani ulikuwa unamwaga ziwani, na taka za jiji na za machinjio zinaenda nao, na maji ya kunywa yanatoka ziwa hilo hilo, watu wakawa wanakufa kwa maradhi ya tumbo. Wakachimba mfereji wa kilomita 45 na Januari 1900 wakaugeuza mto ukaanza kwenda kinyume, kutoka ziwani kuelekea bara, mpaka leo maji yake yanaishia Mississippi na Ghuba ya Mexico. Jimbo la Missouri kule chini likashtaki, manake uchafu sasa unawafata wao, likashindwa mahakamani 1906. Nliinama ubavuni kuyaangalia maji, yanatambaa polepole kuelekea bara kweli.

Hapa ndo nataka wenzangu wa Malindi wanisikie. Siye tuna nguzo ya Vasco da Gama, tuna magofu ya Gede, tuna makaburi ya nguzo pale kando ya msikiti wa Juma, na 1498 mfalme wa hapa ndo alimpa yule Mreno rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Mgeni anakuja anasimamishwa mbele ya nguzo, anaambiwa ni ya zamani, picha, twende tukale. Marine Park ipo tangu 1968 na kuna vijana hawawezi kumueleza mtu kwamba tumbawe ni kiumbe hai. Sisemi kwa dharau, ni wadogo zangu na akili wanazo, ni vile hakuna aliekaa nao akawasomesha. Yule mama alikuwa na majengo tu ya kuonesha, na saa moja na nusu nzima watu wazima wamemkodolea macho, maswali mpaka gatini. Jamani chama cha boti tukichanga tuwalete walimu msimu wa kusi wakati kazi imelala, mbona tunaweza.

Kasoro ni moja, treni zao za juu zinakatiza mto, na ikipita moja wakati uko chini ya daraja husikii neno mpaka imalizike.

Mwisho wa mto kuna lango la maji la tangu 1938, linasawazisha mto na ziwa manake ziwa liko juu futi mbili hadi tano. Boti hii haivuki, inageuka hapo, kuna ziara zingine zinaingia ziwani. Lakini ziwa halihitaji tiketi. Ziwa Michigan lina urefu wa karibu kilomita 490, ng'ambo huioni, mawimbi yapo, lakini ukitia maji mdomoni hayana chumvi na kujaa na kupwa hakuna wa kukuona. Kando yake kuna njia ya kutembea ya kilomita 29, karibu yote wazi kwa kila mtu, kwa sababu 1836 iliandikwa kwenye ramani kwamba pale mbele ya mji pasijengwe, na baadae mfanyabiashara Montgomery Ward akakaa mahakamani miaka na miaka kuitetea ile ambayo leo ni Grant Park. Nlitembea pale na roho iliniuma nkikumbuka vichochoro vyetu vya kushukia pwani vinavozibwa kuta kila mwaka.

Mengine kwa haraka. Makumbusho ya Field Museum nenda uwaone simba wa Tsavo walokula watu wa reli 1898, Patterson, yule muhandisi alowaua, aliwafanya mazulia miaka mingi kabla ya kuiuzia makumbusho hiyo miaka ya 1920 kwa dola 5,000, na kwa maoni yangu wanafaa kurudi Kenya. Pizza yao nene ya bakuli sikuipenda, siye Malindi tumezoeshwa nyembamba na Waitaliano. Ila kuna jibarito ya Wapuerto Riko, nyama katikati ya ndizi mbichi zilokandamizwa zikakaangwa badala ya mkate, hiyo ilinikumbusha nyumbani. Wa halali waende Devon Avenue. Kutoka uwanja wa O'Hare panda treni ya Blue Line, inatembea usiku na mchana.

Boti zinafanya kazi kuanzia baridi ikipungua mpaka Novemba hivi. Tiketi ya wikendi ikate mapema kwenye simu, kaa juu upande wa omo karibu na muongozaji, na beba jaketi hata ikiwa Juni.