Kipimo cha DEXA cha mifupa: kipimo poa, majibu ndo kasheshe
Jamani ukiandikiwa DEXA, yaani eksirei ya kupima uimara wa mifupa, usiogope, hamna sindano wala kuingizwa kwenye tundu, unalala chali, miguu wanaipandisha kwenye boksi la sponji, mkono wa mashine unapita juu taratibu ukipima mgongo na nyonga, dakika kama 15 hivi umemaliza na mionzi yake kiduchu sana. Vidonge vya kalsiamu usimeze siku moja kabla. Kilichonikera ni majibu, napewa karatasi imeandikwa T-skoa (alama ya kulinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya) -2.7 basi, kwaheri!! Sasa ndo hivi: -1 kupanda poa, ukishuka chini ya hapo mifupa imeanza kupungua, ikifika -2.5 au chini zaidi ndo osteoporosisi yenyewe, ule ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu na kuvunjika kirahisi. Na bado utatolewa damu, wacheki vitamini D na tezi za shingoni, maana mashine haisemi chanzo. Nyota nne.