Paka mchanga aliyekonda: chakula cha kopo au kuku wa kuchemsha?
Ninayemlea hapa Moshi alikuja na gramu 390 akiwa na wiki 6. Mbavu unazihesabu kwa kidole. Kwa bei, kuku anashinda: kipande cha soko la Mbuyuni kinamtosha siku mbili. Ila nyama tupu haina kalisi ya kutosha, na taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukosa, huingia kwenye mchuzi, kwa hiyo mpe na mchuzi wake, bila chumvi wala kitunguu. Chakula cha kopo cha paka wachanga kina vyote, lakini ni ghali na kikifunguliwa kinataka friji. Huna friji? Mchemshie kuku kidogo kila siku, kwa siku chache tu, na kopo dogo ukipata hela. Anaharisha au tumbo limevimba? Daktari wa mifugo kwanza. Mpime kila asubuhi. Aongeze kama gramu 10 hadi 15 kwa siku.