Nimeishusha MGB yangu inchi moja tu, na kwa njia za Unguja ndo inatosha

Gari yenyewe ni MGB, gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ya wazi ya 1975, ile ya bampa nyeusi za raba. Ami yangu alirudi nayo kutoka Uingereza ndani ya kontena, usukani upo kulia kwa hiyo huku kwetu haina tabu. Nnayo mwaka wa nne sasa na kitu kilichokuwa kikiniuma kila nikiifungua banda ni kimoja, imesimama juu mno, baina ya tairi na fenda ngumi inapita na nafasi inabaki, na kwenye kona ukiingia na mwendo kidogo inalala upande mpaka abiria anashika mlango.

Nikaanza kuuliza nikajua kuwa si springi zimebadilishwa, ilitoka kiwandani vile. MGB zilipoanza 1962 zilikuwa chini, halafu mwishoni mwa 1974 wakazivisha bampa za raba na kuzinyanyua kama inchi moja hivi ili zikubaliwe na sheria za Marekani, maana soko lao kubwa lilikuwa kule. Na wakati huohuo, kupunguza gharama, stabilaiza ya mbele wakaitoa kwenye hizi za wazi! Yaani gari imenyanyuliwa na kile kinachoizuia isilale kimeondolewa. Walikuja kuirudisha kwenye modeli ya 1977, yangu ishatoka. Kwa hiyo mie naona kuishusha gari hii si kuiharibu asili yake, ni kuirudisha pale walipoichora wenyewe.

Sasa mara ya kwanza nilichukua seti ya inchi mbili. Muuzaji mmoja wa huko Uingereza aliisifia sana, springi fupi ngumu za mbele na bloki za alumini za nyuma, zile zinazokaa baina ya akseli na springi (nyuma ni springi za mabapa ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jengine, kama za gari za mizigo). Yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga akseli na springi) alizoniletea zilikuwa za urefu wa kawaida, ukiweka bloki nati inakamata nyuzi mbili tatu tu, fundi wangu akakataa kabisa kufunga na nnamshukuru mpaka leo, kwa sababu hapo ndo akseli nzima inaposhikiliwa. Wiki tatu gari iko juu ya magogo nasubiri ndefu. Kama unaagiza bloki hakikisha yuboliti ndefu zimo kwenye boksi kabla hujalipa, usikubali kuambiwa zitafika baadae.

Kupendeza ilipendeza, hilo siwezi kukataa. Lakini siku ya kwanza nimeelekea Paje, nimefika Jozani kwenye yale matuta waliyoweka kwa ajili ya kima punju, tuta la kwanza tu bomba la ekzosi likasaga, la pili likasaga, nikawa navuka kwa kukata upande upande huku daladala zinanipigia honi nyuma. Kurudi tukaipandisha jeki, bomba limebonyea na zile raba za kugongea akseli zimebakiwa na nafasi ya kidole, maana yake kila shimo akseli inapiga juu. Na masika ilikuwa bado! Mwanakwerekwe maji yakituama unataka kila inchi uliyonayo.

Tukatoa zote. Safari hii nikakaa na fundi tukapanga kwanza, na hapa ndo nnapotaka mtu asome vizuri kama ana gari ya aina hii.

Tulianza na shokapu, si springi. Za MGB si za bomba kama tulizozoea, ni kisanduku cha chuma kina mafuta ndani na mkono unaotoka nje, na za mbele mkono ule ndo mkono wa juu unaoshika gurudumu, kwa hiyo huwezi kuzitupa ukafunga za Corolla. Zangu zilikuwa zinavuja zote nne. Kufunga springi ngumu juu ya shokapu zilizokufa ndo kulikofanya gari iruke ruke ile mara ya kwanza nikadhani springi mbovu, kumbe hakuna kinachozizuia. Nikaagiza zilizokarabatiwa upya na pesa nyingi zimekwenda hapo, lakini hata kabla hatujashusha kitu gari ilikuwa ishabadilika.

Halafu bushi za mikono ya chini. Wengi wanasifia za poliyurethani (plastiki ngumu), mie nikachagua za MGB GT V8, gari iliyotengenezwa 1973 mpaka 1976, raba imeshikana na chuma ndani na nje na zinaingia kwenye MGB ya kawaida bila kukata kitu. Bado laini, hazipigi kelele na mchanga wetu huu. Ila boliti zake usikaze gari ikiwa kwenye jeki, iteremshe chini ikae kwa uzito wake ndo ukaze, vyenginevyo raba inabaki imejikunja muda wote na inachanika mapema.

Springi za mbele za kushusha inchi moja, bloki za nyuma za inchi moja. Kuna kijana akanishauri nikate koili za zamani nisitie hasara, nikakataa, na sababu ninayo. Springi ya mbele ya MGB imekaa kama katikati ya mkono wa chini, haikukaa kwenye gurudumu, kwa hiyo ukiifupisha nusu inchi gari inashuka kama inchi nzima. Ukikata duara moja kwa kukisia hujui utaishia wapi.

Stabilaiza ya mbele tukafunga pia, na kwa hisia za barabarani hii ndo imenifurahisha kupita kushuka kwenyewe! Kona za kuelekea Fumba gari sasa inakaa bapa, usukani unakujibu palepale.

Kupima tulipima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, si kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi na sakafu ya gereji vinakudanganya. Mbele imeshuka inchi moja na robo baada ya wiki sita springi kujikalia, nyuma inchi moja kamili. Ukishamaliza alaimenti ni lazima, na taa za mbele uzielekeze upya.

Kazi ya siku mbili ilichukua tano kwa kutu peke yake, boliti za chini za springi za nyuma zilikuwa zimeshikana mpaka tukazitia moto na dizeli usiku kucha. Hii ni hewa ya bahari, gari inalala Mazizini, hakuna namna. Boliti mpya zote tumezipaka grisi kabla ya kuingia.

Nimeshapita Jozani mara nne tangu hapo, pole pole lakini moja kwa moja, bomba halijagusa. Kwenye matuta marefu ya vijijini upande wa Makunduchi nikiwa na abiria bado navuka kwa tahadhari. Stabilaiza ya nyuma wameniambia niongeze, sijaona haja, pesa hiyo nimeipeleka kwenye kukwangua na kupaka dawa ya kutu chini kote, fundi anaanza Jumamosi.