Ajira Portal kwa anayeomba kazi ya kwanza: pa kusifia na pa kukwamia

Mhitimu wa Tanzania anayetaka kazi serikalini ana mlango mmoja mkubwa, nao ni portal.ajira.go.tz, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Sekretarieti hiyo imewekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma namba 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa na sheria namba 18 ya mwaka 2007. Zama za kupeleka bahasha ya kaki mapokezi zimepita. Matangazo yake yanasema wazi kwamba maombi yasiyopitia kwenye mfumo hayatafikiriwa.

Tuanze na sifa zake. Ni bure toka kufungua akaunti hadi kupangiwa kituo, na akaunti moja inatumika kwa kila tangazo. Ombi likishatumwa, hatua zake zinafuatiliwa kwenye ukurasa wa My Applications, na aliyeachwa anaweza kuona humo sababu ya kuachwa. Waajiri wengi binafsi hawajibu chochote, kwa hiyo hilo si dogo. Kasoro yake kubwa ni kwamba kosa la kujaza halikushtui siku unayojaza. Ombi linapokelewa vizuri tu, unalala usingizi, kisha majina ya usaili yanatoka na lako halimo.

Ndiyo maana tunasema kazi yote iko kwenye kujaza akaunti, na ifanyike kabla tangazo halijatoka. Kubonyeza kitufe cha kuomba ni dakika chache. Matangazo mengi huachwa wazi kwa takriban wiki mbili, na siku za mwisho kurasa hufunguka kwa kusuasua kwa sababu kila mtu amekumbuka wakati mmoja.

Unahitaji namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 (kadi yenyewe si lazima iwe imetoka) na barua pepe yako mwenyewe. Hapo kwenye barua pepe ndipo wengi wanapojikaanga kwa mafuta yao. Kijana wa steshenari anakufungulia akaunti kwa barua pepe aliyoibuni papo hapo, nywila inabaki kwenye kompyuta yake, na miezi sita baadaye unaitwa kwenye usaili huku huwezi kuingia. Lipa steshenari wakuskanie vyeti, lakini akaunti ifungue mwenyewe.

Vipengele ni kama kumi: taarifa binafsi, anwani, elimu, sifa za kitaaluma, lugha, uzoefu wa kazi, mafunzo, kompyuta, wadhamini, viambatisho na tamko la mwisho. Lugha na kompyuta havina maajabu. Anwani inaonekana ya kawaida, ila ina mtego: mkoa unaojaza kama makazi yako ya sasa ndio unaoweza kukupangia kituo cha usaili wa mchujo, kwa kuwa usaili huo kwa kada nyingi hufanyika mikoani. Aliyejaza Mwanza alipokuwa chuoni kisha akarudi kwao Lindi bila kubadilisha, atajikuta anatafuta nauli ya kuvuka nchi. Na matangazo yanasema kila mara kwamba msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi.

Kwenye elimu ndiko chujio lilipo. Unachagua ngazi, chuo na programu kutoka kwenye orodha, kisha unaambatisha cheti na transkripti. Chagua jina lililoandikwa kwenye cheti neno kwa neno. Mwenye Bachelor of Arts with Education akichagua Bachelor of Education kwa kuona ni yale yale, amejiweka kwenye fungu jingine, na tangazo linalotaja shahada kwa jina halitamtambua. Usiruke kidato cha nne na cha sita. Wapo wanaodhani shahada inafunika yote ya nyuma, lakini matangazo yanataka vyeti hivyo pia, pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Mhitimu mpya ana tatizo lake peke yake hapa. Mitihani ya mwisho vyuo vingi huisha katikati ya mwaka, mahafali ni mwishoni mwa mwaka, na katikati anachokuwa nacho mkononi ni karatasi ya matokeo ya muda. Hiyo haikubaliwi. Hazikubaliwi pia transkripti zisizo kamili, wala hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita. Kuiambatisha kwa kubahatisha ni kupoteza ombi. Kinachosaidia ni kumaliza madeni ya chuo na fomu za kuondoka mapema, ili transkripti na cheti visikwame kwenye dirisha la mhasibu wakati wenzako wameshachukua. Kwa kada zenye bodi, anza usajili muda huohuo: mhandisi kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kama mhandisi mhitimu, muuguzi na mfamasia kwa mabaraza yao. Aliyesoma nje anahitaji uthibitisho wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada, baraza la elimu ya ufundi (NACTVET) kwa stashahada na Baraza la Mitihani (NECTA) kwa vyeti vya sekondari, na huo hautoki kwa siku moja.

Nakala za vyeti zigongwe muhuri na wakili au hakimu, ndipo ziskaniwe, si kinyume chake. Ziwe faili za PDF, kila cheti na faili lake, kurasa zisilale ubavu. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono inapokelewa na mfumo, lakini mchujaji asiposoma jina la chuo atakuwa na haki ya kukuacha.

Majina ni jambo zito zaidi ya linavyoonekana. NIDA inasema Mohamed, cheti cha kidato cha nne Mohammed, cheti cha kuzaliwa hakina jina la tatu. Matangazo ya usaili huwataka wenye majina yanayotofautiana waje na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Shughulikia hili sasa, maana siku ya usaili hakuna wa kumbembeleza.

Barua ya maombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa Katibu wa Sekretarieti, S.L.P. 2320, Dodoma, na ni lazima iwe na sahihi. Iandike, ichapishe, saini kwa kalamu, iskani. Kosa linalojirudia ni kuambatisha barua ya ombi la mwezi uliopita, yenye cheo kingine. Wadhamini wanatakiwa watatu. Mhadhiri aliyesimamia utafiti wako na msimamizi wa mafunzo kwa vitendo wanafaa kuliko mjomba mwenye cheo, na waombe ruhusa kwanza.

Katika kuchagua nafasi, soma daraja. Daraja la II ndilo la kuanzia, na kwa kawaida halidai uzoefu wa miaka. Kuomba nafasi ya mwandamizi na transkripti ya mwaka huu ni kujichosha. Soma pia mstari wa umri: matangazo mengi yanaishia miaka 45.

Ukiitwa, ingia kwenye akaunti unakili namba yako ya mtihani, kwa kuwa haitolewi siku ya usaili. Beba vyeti halisi na kitambulisho: cha Taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria. Mchujo kwa kada nyingi sasa ni wa kompyuta, kwa mfumo uitwao OATS, kisha kuna vitendo kwa baadhi ya kada, na mahojiano ya ana kwa ana. Hapa ndipo hujitokeza wauza koneksheni wanaoahidi kupenyeza jina kwenye orodha kwa malipo. Hakuna malipo yoyote katika safari hii, na anayeyadai ni tapeli.

Aliyefaulu mahojiano lakini nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata, na majina ya humo huchomekwa kwenye matangazo ya kuitwa kazini ya baadaye, hata ya kada ulizokwisha kuzisahau. Endelea kufungua PDF hizo, na usiitupe laini ya simu uliyojaza kwenye akaunti. Jina likitoka, unaripoti kwa mwajiri ndani ya muda ulioandikwa, na vyeti halisi kuanzia kidato cha nne, vihakikiwe kabla ya kupewa barua ya ajira.